Waliingia Wangapi, Wakafika Wangapi? Barua ya Wazi kwa Maaskofu Katoliki wa Tanzania

Kwa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania,
Kurasini, Dar es Salaam.

Wahashamu Maaskofu,



Nawaandikia nikiwa mzazi Mkatoliki niliyesomesha watoto katika sekondari za Kanisa na ninayeendelea kusomesha. Naandika hadharani kwa sababu haya nitakayoyasema wazazi wanayasema kila siku, ila wanayasemea mahali ambapo ninyi hampo: chini ya mwembe siku ya kutembelea watoto, ndani ya basi la kurudi mjini, katika makundi ya WhatsApp ambayo ikiingizwa namba ya mwalimu watu wote wananyamaza. Maoni ya wazazi na wanafunzi kuhusu shule zetu yapo tele. Njia ya kuyafikisha kwa mwenye shule bila mtoto kuyalipia ndiyo haipo.

Wazazi wanazisifu shule hizi, na wanazisifu kwa dhati. Mwalimu anaingia darasani kipindi kikianza. Silabasi inamalizwa mapema, muda wa marudio unabaki. Mtoto aliyeondoka nyumbani hajui kukunja shuka anarudi likizo anafua, anapiga pasi na anaamka alfajiri bila kuitwa. Wazazi wa wasichana wana sababu yao ya ziada. Wanalala usingizi wakijua binti yuko ndani ya uzio, mikononi mwa masista, mbali na maisha ya geto yanayowakuta mabinti wengi wa shule za kata wanaopanga vyumba ili wawe karibu na darasa. Ukienda Lushoto huwezi kuzungumzia elimu ya wasichana wa milima ya Usambara ukairuka Mazinde Juu, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Padre Damian Milliken, Mbenediktini, kwa ajili ya mabinti ambao njia yao ya sekondari ilikuwa nyembamba mno. Shule ya namna ile ni fahari yetu sote, hata sisi ambao watoto wetu hawakusoma pale.

Wanafunzi nao wana shukrani zao. Niliowasikia wakisimulia, waliomaliza juzi na waliomaliza zamani, humkumbuka sista aliyekesha zahanati na mtoto mwenye malaria, na mwalimu wa hisabati aliyebaki baada ya prepo kumwelekeza mmoja tu aliyekwama. Wengi wao leo ni wazazi, na wamepeleka watoto wao kule kule walikosoma. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo.

Naomba basi mnisome kama mtu wa nyumbani. Linalotuuma kuliko yote ni wastani.

Mtoto anapochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, mzazi hupewa fomu ya maelekezo. Humo kuna orodha ya godoro, ndoo, rimu za karatasi, fyekeo na sare. Katika shule kadhaa zetu humo humo, karibu na mwisho, kuna kifungu kinachosema kwamba mwanafunzi asiyefikia wastani uliowekwa na shule atakariri darasa au atahamishwa. Mzazi anatia sahihi. Afanyeje? Nafasi ameipata baada ya usaili ambao wenzake wengi wameukosa. Wastani wenyewe hupangwa na shule na unaweza kupandishwa mwaka wowote. Kwa Baraza la Mitihani la Taifa alama 45 ni C, na C ni ufaulu mzuri tu. Katika baadhi ya shule zetu alama 45 ni sababu ya kufungasha sanduku.

Namfahamu msichana aliyesoma kidato kimoja na binti yangu. Hakuwa mtoro wala mkorofi, alikuwa akiimba kwaya na alishavuka upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Mwisho wa kidato cha tatu mama yake aliitwa ofisini akapewa barua ya uhamisho, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba ni kwa faida ya mtoto. Ilikuwa mwisho wa mwaka, na kupata shule ya kumpokea mtoto anayeingia kidato cha nne ni shida inayojulikana, kwa kuwa kila mkuu wa shule analinda matokeo yake. Shule ile ile ikapendekeza njia nyingine: ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ndivyo ilivyokuwa. Wenzake aliolala nao bweni moja miaka mitatu walifanya mtihani wakiwa na namba inayoanza na S, ya shule. Yake ilianza na P. Alifaulu, na cheti anacho. Ila mpaka leo ukimtajia shule ile anabadilisha mazungumzo, na mama yake hakanyagi tena mikutano ya jumuiya.

Matokeo yalipotoka, bango lilipandishwa langoni: daraja la nne hakuna, sifuri hakuna. Kila neno kwenye bango lile lilikuwa kweli. Waliobaki walifaulu wote.

Mwezi Januari mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema kwamba utaratibu ule ulikuwa unazitangazia shule biashara. Wizara ya Elimu nayo imeshazikemea shule binafsi, zaidi ya mara moja, kwa kukaririsha na kuhamisha watoto kwa kigezo cha wastani zilioutunga zenyewe. Inanisikitisha kwamba katika jambo la kumtetea mtoto dhaifu Serikali imetangulia kusema, na sisi tunaosoma kila mwaka Injili ya mchungaji aliyewaacha tisini na tisa tukabaki tunapandisha mabango.

Najua jibu ambalo wakuu wa shule hulitoa, kwa sababu nimelisikia. Wanasema tukiwaacha wasiojituma ufaulu utashuka, ufaulu ukishuka wazazi watahamisha watoto, wazazi wakihamisha hatutakuwa na fedha ya kulipa walimu. Hoja hii ina uzito. Serikali haizipi shule hizi ruzuku, na tangu mwaka 2016, ada ilipofutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, mzazi anayelipa hutaka kuona anacholipia. Wapo kweli wazazi wanaochagua shule kwa kusoma bango tu. Lakini wengine wengi tuliwapeleka watoto kwenu kwa sababu tuliamini kwamba kwenu mtoto wa C atasaidiwa awe mtoto wa B. Mtoto wa A angefaulu hata shule ya kata. Kama kazi ya shule ya Kanisa ni kuchagua waliokwisha kuiva na kuwarudisha wabichi nyumbani, sijui tunamlipia nani na tunalipia nini.

Hapo ndipo lilipo ombi langu la kwanza, nalo ni dogo. Kila sekondari ya Kanisa itangaze, pamoja na matokeo yake, tarakimu mbili: waliingia wangapi kidato cha kwanza, na wangapi kati ya hao hao wamefanya mtihani wa kidato cha nne katika shule ile ile. Haihitaji mtaalamu wala bajeti. Rejesta zipo. Wazazi wakizisoma tarakimu hizo mbili watajua shule inalea au inachuja, na wakuu wa shule watakuwa na sababu ya kumng'ang'ania mtoto wa mwisho darasani kama wanavyomng'ang'ania wa kwanza. Watakaohama kwa sababu za kweli, wazazi kuhamishwa kikazi, ugonjwa, ada kushindikana, waandikwe hivyo. Hata hilo la ada lingetufundisha jambo.

Na ada sitaipita kimya. Katika shule nyingi za bweni za Kanisa imevuka shilingi milioni mbili kwa mwaka, kabla ya michango. Mkulima wa kahawa wa Mbinga mwenye watoto wawili hawezi, hata akiuza kila gunia. Mwaka 1977 Idara ya Vatikani inayosimamia elimu Katoliki ilitoa hati kuhusu shule Katoliki ikaonya kwamba shule zetu zikiwageukia zaidi watoto wa wenye nacho, zitakuwa zinasaidia kudumisha jamii isiyo ya haki. Waandishi wa hati ile walikuwa Roma. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Elimu ya misheni Bara ilianzia Bagamoyo, mwaka 1868, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, na wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Hakuna aliyewapimia wastani. Najua zama zimebadilika na umeme unalipiwa. Naomba tu kila jimbo liweke wazi lina nafasi ngapi za ufadhili, zinagawiwaje, na parokia za vijijini zinaombaje. Leo nafasi hizo hupatikana kwa kumjua mtu.

Nirudi kwenye kusikilizwa, kwa sababu bila hilo hata tarakimu zitapindishwa.

Sheria ya Kanisa, Wahashamu, iko wazi kuliko mazoea yetu. Kanuni ya 796 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na wawasikilize kwa moyo, tena inataka vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na ithaminiwe sana. Kanuni ya 806 inampa askofu wa jimbo haki ya kuziangalia na kuzitembelea shule zote Katoliki zilizomo jimboni mwake, hata zile zilizoanzishwa au zinazoongozwa na mashirika ya kitawa. Naitaja hii kwa makusudi. Mzazi akilalamika jimboni huambiwa shule ni ya masista. Akienda kwa masista huambiwa mambo ya shule yana mkuu wa shule. Akimwendea mkuu wa shule anarudi mikononi mwa mtu anayemlalamikia. Kanuni hiyo inaonyesha kwamba mlango wa askofu hauwezi kufungwa kwa jibu la shule kuwa mali ya shirika.

Tazameni mkutano wa wazazi ulivyo katika shule nyingi. Watu wamesafiri usiku kucha. Misa inaadhimishwa, vizuri sana. Kisha mkuu wa shule anasoma taarifa: matokeo, ujenzi wa bweni jipya, ada ya mwakani. Ukifika wakati wa maswali saa zimekwenda, watoto wanasubiri na vyombo vya pilau, na mwenye swali gumu anaambiwa atamuona mkuu ofisini. Asiyeelewa humwona mzazi aliyenyamaza akadhani ameridhika. Mzazi yule anawaza kwamba yeye ataondoka jioni na mtoto wake atabaki. Nimemsikia mtoto akieleza jinsi alivyosimamishwa mbele ya wenzake Jumatatu, akaambiwa kwamba mama yake anajifanya mjuaji. Hata kama mambo ya namna hiyo ni machache, habari za moja huwafunga mdomo wazazi mia. Wawakilishi wetu katika bodi za shule, pale walipo, mara nyingi wamechaguliwa na shule yenyewe, nasi tunawaona kwa mara ya kwanza wakitambulishwa jukwaani.

Kilichonifanya niandike mwaka huu ni sinodi. Oktoba mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliliita Kanisa lote likae lisikilizane, na kazi ile ikaendelea hadi Oktoba mwaka 2024. Katika jumuiya zetu ndogondogo tuliketi kwenye mikeka tukaulizwa maswali ambayo hatujapata kuulizwa na padre. Wajane walisema. Vijana wasiokuja kanisani walisema. Katibu aliandika. Watu walirudi majumbani wakiwa na furaha ya kuona kwamba neno lao limechukuliwa. Shule za bweni ziko karibu yetu, zina maelfu ya vijana wa umri ule ule ambao Kanisa linalalamika kwamba linawapoteza, na sijakutana na mwanafunzi hata mmoja anayekumbuka kuketishwa hivyo akaulizwa: unaishije hapa?

Nimewauliza mimi, wa kwangu na wa wenzangu, wakiwa likizo. Chakula wanakilalamikia kama wanafunzi wote duniani, na hilo nisingewasumbua nalo. Wana mengine mazito zaidi. Wanasema sanduku la maoni lipo, ila mwenye ufunguo ni mwalimu wa nidhamu, na mwandiko unatambulika. Wanasema barua zao husomwa kabla ya kutumwa, na simu ya Jumapili hupigwa matroni akiwa pembeni, hivyo mwenye jambo la siri hana pa kulisemea hadi likizo. Wahashamu, tafadhali litazameni hili kwa jicho la kulinda watoto. Mtoto anayeguswa vibaya na mtu mzima atamwambia nani, kwa njia ipi, siku gani?

Wanazungumzia viboko. Kanuni za Serikali za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema fimbo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, isizidi viboko vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale asipokuwepo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa katika shule zinazobeba msalaba langoni. Lakini hata kabla ya hapo, waulizeni watoto kama wamewahi kukiona kitabu hicho.

Wanazungumzia rozari pia, na hili liliniumiza kuliko viboko. Shuleni kwao mchelewaji wa misa ya asubuhi alipigishwa magoti kwenye kokoto akisali rozari nzima. Bibi yangu alinifundisha rozari kwa kunipakata. Mtoto aliyeijua kwa magoti yenye damu ataifundisha vipi kwa wanawe? Wapo waliotoka shule za Kanisa wakiwa na daraja la kwanza la pointi saba, na tangu siku ya mahafali hawajaingia kanisani. Tukihesabu mafanikio, na hao wahesabiwe.

Kuna wazazi wengine ambao hawatawaandikia, kwa heshima tu: wazazi Waislamu. Wanalipa ada kama sisi, wanawaamini masista kuliko wengine wetu tunavyowaamini, na wengi wamezikubali taratibu za shule tangu siku ya kwanza. Wanachoomba ni kidogo, mtoto aruhusiwe kufunga Ramadhani, apate daku na futari bila kuonekana mkaidi, na asilazimishwe sala isiyo yake. Ziko shule zinazofanya hivyo kwa moyo mweupe. Kwingine hutegemea nani ni mkuu wa shule mwaka huo. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati mbili kwa siku moja, ya elimu ya Kikristo na ya uhusiano wa Kanisa na dini nyingine, ambayo inawataja Waislamu kwa heshima. Shule zetu zina wajibu wa kuzisoma hati zote mbili.

Ninachokiomba kutoka kwenu kama Baraza kinaweza kuandikwa katika waraka wa kurasa mbili. Mbali na tarakimu nilizozitaja, kila sekondari ya Kanisa iwe na chama cha wazazi kinachochagua viongozi wake chenyewe kwa kura, bila mkuu wa shule kupendekeza majina, na mwenyekiti wake awe na njia ya moja kwa moja kwa katibu wa elimu wa jimbo. Kifungu cha kuhamisha kwa wastani kifutwe katika fomu zote za maelekezo. Badala yake shule ieleze mtoto anayebaki nyuma atasaidiwa vipi, na nani, saa ngapi. Na kila mwaka, mtu asiye mwajiriwa wa shule, padre au mtawa wa jimbo jingine ikiwezekana pamoja na mlei mwenye ujuzi wa malezi, aende akae na wanafunzi bila walimu, awasikilize, amwandikie askofu. Awasikilize na waliohamishwa. Anwani zao shule inazo.

Walimu nao wasikilizwe, maana wengi wao wanayaona haya na wanayachukia, na wameyanyamazia kwa sababu mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja.

Nimempelekea katibu wa elimu wa jimbo letu nakala ya barua hii. Sikuitaja shule ya binti yangu, kwa kuwa sitaki Baraza lishughulike na mkuu mmoja wa shule na kuuacha utaratibu ulivyo. Endapo mtaona vema kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano wenu mkuu ujao, wapo wazazi na vijana walio tayari kuja Kurasini kwa nauli zao kueleza waliyoyaona. Mama wa yule msichana mwenye namba ya P ni mmoja wao. Nimemuuliza, naye amekubali kuja.

Naomba baraka zenu.

Wenu katika Kristo,

Mzazi, Morogoro